Kuchotwa kwa Daktari Subilaga

Tangazo lilimkuta Tusekile jikoni, anamenya viazi. Simu ilinguruma juu ya ndoo iliyofunikwa, akapangusa mikono kwenye kanga, akasoma, akarudia kusoma. Mtihani wa kuingia Chuo cha Udaktari, uliokuwa ufanyike Novemba, sasa ungefanyika mwanzoni mwa Juni. Baada ya hapo chuo kisingepokea mwanafunzi mpya kwa miaka miwili.

Nje ilikuwa inanyesha ile mvua ya milimani juu ya Tukuyu, isiyo na haraka, ya kutwa nzima.

"Dada," aliita, "hebu njoo."

Subilaga alitoka chumbani akipapasa ukuta. Kwa miaka mingi alikuwa daktari pekee wa kituo cha afya cha Ilundapo, na katika kata ile hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuingia na mkoba wake. Umri wake ulikuwa bado wa mtu wa kazi, lakini alitembea kama aliyeamshwa usingizini. Madaktari wa hospitali ya rufaa walikuwa wamemwambia bila kuzunguka: ubongo wake unasinyaa, hakuna dawa, na mwaka mwingine ukiisha atakuwa hajui hata jina lake.

Alisoma tangazo, akarudisha simu. "Juni," alisema. "Basi muda wa vitabu umekwisha."

Tusekile aliyaelewa maneno hayo, na alikuwa akiyaogopa tangu mwaka uliopita alipofeli. Hakufeli kwa uvivu. Alisoma hadi macho yakamvimba. Ila mtihani haukuwa tena wa watu wanaosoma. Zamani mashine ndizo zilizotibu watu, mpaka zilipokosea zote kwa pamoja na kuua maelfu katika msimu mmoja. Tangu hapo sheria ikasema dawa irudi kwa binadamu, na daktari atibu kwa kilicho kichwani mwake, asiulize mashine. Ndipo wenye uwezo wakaanza kuwatafuta madaktari wazee, kuwachota maarifa na kuwamiminia watoto wao. Waliomiminiwa wakajaa kwenye vyumba vya mtihani. Maswali yakazidi kufanywa magumu ili wapambanuliwe wao kwa wao, na aliyesoma vitabu tu akawa anarudishwa nyumbani.

"Nichote mimi," Subilaga alisema.

"Sitaki."

"Kwani unadhani kilicho kichwani mwangu kinakwenda wapi? Kila asubuhi naamka kimepungua. Ugonjwa unakula tu, hautamtibu mtu. Afadhali ule wewe."

"Dada, kuchotwa si kupungukiwa. Ni kuondokewa."

"Naondokewa sasa hivi, nikiwa nimesimama mbele yako." Akavuta kigoda, akakaa, akachukua kisu na kiazi. "Ilundapo haiwezi kukaa bila daktari, Tuse. Nimewaangalia wote, nikajiuliza nani. Sina mwingine."

* * *

Kituo cha Uhaulishaji kilikuwa Mbeya mjini, jengo jeupe lenye harufu ya dawa ya sakafu. Mtaalamu aliyewapokea aliitwa Bi. Sikudhani, mwanamke wa pwani mwenye sauti ya chini, aliyevaa sweta mbili kwa sababu ya baridi. Alimvalisha Subilaga kofia laini iliyojaa nyuzi, na ukutani ikatokea ramani ya ubongo wake: vijito vya mwanga, na hapa na pale mwanga umejikunja ukawa fundo.

"Wengi hudhani tunanakili," Bi. Sikudhani alisema. "Hatunakili. Kumbukumbu imeshikwa na viunganishi vidogo mno kati ya seli na seli. Ili tujue kilichomo inabidi tufungue kila kiunganishi, na kikishafunguliwa hakifungiki tena. Anayechotwa anabaki bila. Anayemiminiwa anapata, lakini maarifa yanakuja yanaelea. Yasiposomwa na kuulizwa na kurudiwa, hukauka kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo, binti, usidhani utalala hapa uamke daktari. Utasoma kama mwendawazimu."

"Nitasoma."

"Na jambo jingine." Aligusa ukuta, fundo moja likakua. "Hakuna maarifa yanayokaa peke yake. Mtu alipojifunza mifupa, siku hiyo mvua ilinyesha, au alikuwa na njaa, au kuna mtu alikuwa anampenda. Vyote vimefungwa pamoja. Tukichota mifupa, na ile mvua inakuja."

Tusekile alikuwa anatazama fundo lililokuwa kubwa kuliko yote, katikati ya ramani. "Lile ni nini?"

Bi. Sikudhani aliuondoa mkono ukutani. "Lile ni magonjwa ya watoto. Na wewe."

Haikuhitaji maelezo. Mama yao alifariki akimzaa Tusekile, mwaka ule ule Subilaga alipoanza chuo. Baba alikuwa ameshatangulia. Subilaga alimlea mtoto bwenini, akimficha asionwe na matroni, akimbeba mgongoni huku anakariri majina ya vijidudu. Kila alichojua juu ya homa ya mtoto, kikohozi cha mtoto, kukua kwa mtoto, alikijulia kwenye mwili wa mdogo wake.

"Likichotwa hilo," Tusekile aliuliza, "atanijua?"

"Hapana, mama. Hatakujua."

"Basi liwe la mwisho," Subilaga alisema chini ya kofia, kwa sauti ile ile aliyopangia foleni ya wagonjwa. "Na uwashe kamera. Najua nitakavyokuwa siku hiyo. Nimewahi kuwaona wagonjwa wa namna yangu."

Sheria ilitaka ridhaa kila safari. Lakini iliruhusu mtu mwenye akili timamu kuacha agizo kwa ajili ya siku ambayo hatakuwa nazo, mradi ndugu yake wa karibu alithibitishe siku yenyewe. Kamera ikawashwa. Subilaga akaitazama bila kupepesa.

"Mimi ni Subilaga Mwaisumo, daktari. Nataka vyote vichotwe, mpaka fundo la mwisho. Siku hiyo nikikataa, nikilia, nikiomba kurudi nyumbani, msinisikilize. Mwenye kuamua ni mimi wa leo." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Sema ndiyo, Tuse."

Tusekile akasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema, kwa kuwa dada yake mzima alikuwa mbele yake akimwambia aseme.

* * *

Ilichotwa mifupa na misuli, ukafuata moyo pamoja na mapafu. Dawa zikachotwa baadaye. Kila waliporudi Ilundapo Tusekile alikuwa na kichwa kinachogonga na harufu za mahali ambapo hakuwahi kufika: chumba cha maiti cha chuo, sabuni ya wodi, chai ya maziwa iliyoungua. Aliamka anaujua mshipa unaopita nyuma ya goti, na pamoja nao jina la kijana mmoja, Gwakisa, aliyekuwa akisoma na dada yake ngazini. Subilaga hakuwahi kumtaja Gwakisa hata siku moja. Sasa Tusekile alijua joto la kiganja chake, na alijua siku aliposema kwamba yeye hawezi kuoa msichana mwenye mtoto wa kulea.

Alitamani kumwomba dada yake msamaha. Akaenda hadi mlangoni pa chumba chake, akakumbuka kwamba Subilaga hamkumbuki tena Gwakisa wala hana cha kusamehe, akarudi kwenye vitabu.

Mwanzoni Subilaga ndiye aliyemuuliza maswali, tena kwa ukali. Alimkatiza, alimrudisha nyuma, alimwambia jibu hilo lingemuua mgonjwa. Wiki zilivyopita ukali ulipungua, akawa anasoma maswali kitabuni na kuangalia jibu ukurasa wa nyuma. Kisha akawa anasikiliza tu.

"Damu chafu inaingia upande wa kulia," Tusekile alikuwa akieleza, amefumba macho, "inapita kwenye vali, inasukumwa mapafuni..."

"Kumbe!" Subilaga alisema. "Kumbe moyo una milango?"

Tusekile alifumbua macho. Dada yake alikuwa amejishika kifua kwa mkono wote, anatabasamu kama aliyepewa habari njema.

"Una milango, dada."

"Nani aliigundua?"

Tusekile aliinamia daftari. Akafungua ukurasa mwingine, akaendelea kukariri.

* * *

Jumapili moja asubuhi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, jirani yao alikuja mbio na mtoto mikononi. Aliitwa Mama Ambakisye, na mtoto ndiye Ambakisye mwenyewe, bado hajatimiza miaka mitatu. Mwili ulikuwa umekakamaa, miguu inarukaruka, macho yamepinduka.

"Daktari!" Mama Ambakisye alimpita Tusekile, akaenda moja kwa moja kwa Subilaga. "Daktari, mwanangu!"

Na Subilaga akaamka. Hapakuwa na neno jingine. Alimchukua mtoto, akamlaza ubavu kwenye mkeka, akamlegeza nguo, akamsafisha mate. "Msimtie kijiko mdomoni. Ana joto kali. Mama, imeanza lini?" Mikono yake haikutetemeka. "Tuse, haraka, mkoba. Mpe ile... mpe ile ya..." Vidole vyake vilitafuta hewani. "Ile!"

"Diazepamu," Tusekile alisema. Alikuwa ameshaishika. Aliijua dawa ile kama anavyojua jina lake: jinsi inavyotuliza ubongo, jinsi ikizidi inavyozima pumzi. Alijua kipimo cha mtu mzima. Kipimo cha mtoto kilikuwa upande wa pili, katika fundo ambalo halijachotwa.

"Kiasi gani, dada? Kwa mtoto wa uzito huu?"

"Cha nini?"

"Diazepamu."

Subilaga alimtazama kwa hofu. "Hiyo ni nini?"

Vitabu vya mtihani vilieleza degedege kwa kurasa nyingi, lakini dozi viliwaachia walioko wodini. Simu ilikataa swali, kama sheria ilivyoiagiza. Muuguzi wa kituo alikuwa kanisani, hakupokea. Helikopta za wagonjwa, zile zisizo na rubani, haziruki kwenye ukungu. Tusekile aliogopa kuizima pumzi ya mtoto, akampa kidogo. Degedege ikalegea. Wakamshukuru Mungu. Ikarudi, ikakaa. Kijana wa jirani alipofika na gari walimfunga mtoto blanketi na kuondoka naye kuelekea mjini, Tusekile kiti cha nyuma amemshika kichwa. Hawakufika kwenye lami.

Mama Ambakisye hakulia pale. Aliendelea kumfunika mtoto miguu, kila blanketi lilipoteleza.

Jioni, waliporudi kutoka msibani, Subilaga alinawa mikono kwa muda mrefu. "Nilimjua yule mtoto ana nini," alisema. "Nilijua kabisa. Kwa nini sikumtibu?"

Tusekile alimpa taulo. Kila alichohitaji Ambakisye kilikuwapo ndani ya nyumba ile asubuhi, nusu kwake na nusu kwa dada yake.

* * *

Siku ya fundo la mwisho Subilaga alikuwa amebaki na vitu vichache. Aliujua utoto wake. Aliyajua magonjwa ya watoto, bila majina ya dawa. Na alimjua Tusekile; humo alikuwa mzima kabisa. Njiani alimfunga skafu shingoni, akamuuliza kama amekula, akamwambia hafai kusafiri mbali wakati kifua chake ni dhaifu. Lakini alipoiona kofia alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango.

"Hii sitaki. Hii inachukua vitu."

"Dada..."

"Tuse, twende nyumbani. Tafadhali. Nimebaki na wewe tu."

Bi. Sikudhani aliiweka kofia mezani. Akawasha ukuta, na Subilaga wa zamani akatokea, anatazama bila kupepesa, anasema msinisikilize. Subilaga aliyekuwa mlangoni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani yule mwanamke?" aliuliza. "Mbona mkali hivyo?"

"Ni wewe."

"Si mimi. Mwambie si mimi."

Bi. Sikudhani alizima ukuta. "Kwa sasa sheria inakuuliza wewe, binti. Ukisema hapana, nachomoa waya, mnakwenda zenu, na hakuna wa kukulaumu. Amebakiwa na miezi ya kukujua. Labda minne, labda mitano."

"Na mtihani?"

"Bila magonjwa ya watoto hupiti. Nisikudanganye."

"Wewe ungefanyaje?"

Mwanamke yule alijikunyata ndani ya sweta zake. "Mimi niliulizwa kwa baba yangu. Nilisema hapana. Alikaa nami akiniita kwa jina mpaka masika yalipokwisha. Nilifurahi sana. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi."

Tusekile alimtazama dada yake. Alitafuta ndani ya moyo wake mahali ambapo angeweza kusema, hapa naamua kwa ajili ya Ilundapo tu, au kwa ajili ya agizo tu, au kwa ajili ya yule mtoto ndani ya blanketi. Hakupata. Kila mahali alikuta pia kwamba anautaka udaktari, anautaka kwa roho yake yote, tangu alipokuwa mdogo anacheza na mkoba wa dada yake. Na upande mwingine alikuta kwamba anataka kuitwa Tuse, walau masika haya, walau mpaka mahindi yakomae.

Alikwenda akapiga magoti, akaishika mikono ya Subilaga.

"Nitakushika mkono," alisema.

"Haitaniumiza?"

"Haiumi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Subilaga alimchunguza uso, kama alivyozoea kumchunguza alipokuwa mtoto akidai kwamba tumbo halimuumi. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti. "Ukisema wewe," alisema, "sawa." Alikubali kwa kuwa alimjua, na kumjua kwenyewe ndiko kulikokuwa kunakwenda kuondolewa.

"Unathibitisha?" Bi. Sikudhani aliuliza.

"Ndiyo," Tusekile alisema, na safari hii haikuwa rahisi.

Ukutani mwanga wa fundo ulianza kufunguka, uzi kwa uzi. Subilaga alimtazama mdogo wake muda wote. Vidole vyake vilibana, vikabana zaidi, halafu vikalegea. Baadaye aliushushia macho mkono ulioshikwa, akautoa taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeshikwa na mgeni kupita kiasi.

"Samahani," alisema. "Tumeshamaliza?"

* * *

Tusekile alimiminiwa siku ile ile. Alijiona akiwa mchanga, mwekundu, anapiga kelele ndani ya shuka la hospitali, na akausikia moyo wa dada yake ukisema, laiti ungekufa wewe akapona mama. Alisikia pia jinsi moyo huo ulivyogeuka, si siku hiyo wala siku iliyofuata, bali baada ya majuma, bwenini, mtoto alipocheka kwa mara ya kwanza na Subilaga akaangusha kitabu. Alijiona anaugua, anapona, anaota meno. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kupendwa kiasi kile na asijue.

Aliyarudia yote, kwa sababu yasiporudiwa yangekauka. Alikariri dozi za watoto huku anafua, huku anapika, huku anamlisha Subilaga. Siku za mtihani Mama Ambakisye alikuja bila kuombwa, akakaa na Subilaga kutwa, wanachambua maharage. "Ndiye aliyenizalisha," alisema tu. "Niache nikae naye."

Ukumbi ulikuwa mkubwa, na wengi wa watahiniwa walikuwa na ule utulivu wa watu waliomiminiwa. Swali la kwanza la karatasi ya pili lilihusu mtoto wa miezi minane: ana homa, amekataa ziwa, utosi umevimba. Tusekile aliuhisi utosi ule chini ya vidole, moto, umejaa. Ulikuwa wake mwenyewe. Aliandika jina la ugonjwa, homa ya uti wa mgongo, akaandika dawa, akaandika kipimo bila kusita, na machozi yakawa yanadondoka pembeni mwa karatasi. Msimamizi alikuja akainama, akidhani ameshindwa.

"Pumzika kidogo, mwanangu," alimnong'oneza. "Muda bado upo."

"Najua majibu," Tusekile alisema. "Ndiyo maana."

Alifaulu. Habari ilimfikia njiani, anatoka kijiji cha pili kununua maziwa, akasimama kando ya barabara na dumu mkononi, asijue ampigie nani. Watu wa Ilundapo walimpongeza kwa kumwita daktari kabla hajaanza chuo, na aliitikia kila mmoja huku anatembea haraka zaidi.

Subilaga alikuwa kibarazani peke yake, kwenye benchi, jua dogo limempiga magotini. Alipoona mtu anafungua lango alimkazia macho. Kisha uso wake wote ukafunguka. Akasimama, akapiga magoti kidogo, viganja pamoja, kama wanavyofundishwa wasichana wadogo wa kwao.

"Shikamoo, mama," alisema.

Katika maisha yake yote Tusekile ndiye aliyempa dada yake shikamoo. Alifumbua kinywa amrekebishe. Hapo akaiona, mbele ya macho ya kumbukumbu ambayo haikuwa yake, sura ya mama ambaye hakuwahi kumwona: paji lile lile la uso, pengo lile lile la meno. Tusekile alifanana naye mno. Utoto wa Subilaga ulikuwa bado umo kichwani mwake. Kifo cha mama kilikuwa ndani ya fundo, pamoja na kitanda cha hospitali na shuka lililofunikwa hadi usoni, na sasa alikuwa nacho Tusekile peke yake. Subilaga hakuwa anajua kwamba kuna mtu aliyekufa.

"Mama," Subilaga aliuliza, tabasamu likianza kuyumba, "umekasirika?"

Tusekile aliweka dumu la maziwa chini.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sijakasirika. Umeshinda salama?"

"Salama." Subilaga akasogea pembeni ya benchi, akapapasa ubao kuonyesha mahali pa kukaa. "Umechelewa sana leo."